Mama Yumo Edani

Tangu babu yake afariki, mjukuu wangu mdogo haingii chumbani kwangu. Husimama mlangoni akanitazama, mimi na nguo zangu nyeupe, macho yakapita kwenye mikono yangu isiyo na bangili, kisha humwita mama yake aje achukue kile alichotumwa. Binti yangu anasema ni utoto, utamtoka. Mimi sikumcheka. Najua kinachomtisha: bibi aliyekuwa akinukia udi mpaka kwenye mito sasa hanukii kitu. Jana nilimwita, akakubali kuketi kizingitini, si ndani, nikamsimulia jambo ambalo hata marehemu babu yake, niliyeishi naye umri mzima, sikuwahi kumsimulia lote. Alisikiliza hadi mwisho, akaingia, akalala miguuni pangu. Ndipo nikaona niliandike, kwa ajili ya wenzangu wa rika langu mliolelewa na watu wazima wasioweza kukitaja kitu kwa jina lake.

Tulikaa Bodo, kijiji kilichoegemea mikoko. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Wenye mashamba hadi karibu na Msambweni walikuwa wakimwita akawaangulie nazi, naye alipanda mnazi jinsi mtu mwingine anavyopanda kitandani, bila kufikiri. Bendera mpya ilikuwa imeanza kupepea kwa chifu, na shuleni tulifundishwa wimbo mpya ambao mwalimu mwenyewe alikuwa bado anauchungulia kwenye karatasi. Watu wazima walizungumza kutwa kuhusu mashamba, nani atapewa hati ya nini. Baba alisema shamba lake yeye liko juu, kwenye makuti, na huko hakuna atakayepanda kumnyang'anya. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Akikwea, mimi husimama mbali kidogo, nikangoja aseme "haya", kisha nikaenda kuziokota nazi na kuzirundika.

Asubuhi ile alikuwa kwenye mnazi mrefu uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya kiwanja. Nazi zilianguka moja moja, na kila moja niliisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Kisha kikaanguka kitu kizito zaidi. Nilidhani ni kole zima la nazi limeng'oka, nikafurahi, kwa sababu kole zima huja na madafu. Nikangoja aseme "haya". Sikumsikia. Nikangoja tena, nikiwa nimesimama palepale aliponiweka, maana nilikuwa mtoto mtiifu. Mwisho nikaona amesahau, nikaenda kuokota.

Nilichokikuta pale sitakieleza. Shangazi yangu Mwanakombo, dada yake baba, ndiye aliyefika kwanza, akanifunika uso kwa leso yake na kunipeleka kwa jirani. Huko nilikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Nilisikia watu wakiingia na kutoka kwetu, nikasikia dua, nikasikia masufuria makubwa yakiburutwa. Kwa jirani nililishwa vizuri na kila aliyenitazama aliinamisha macho haraka. Niliporudi nyumbani nikamwuliza shangazi baba yuko wapi.

"Babako ametangulia," akasema. "Sote tutamfuata."

Nami nilijua kufa ni nini. Kuku hufa, mbuzi hufa, hata mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa surua. Lakini hakuna aliyeniambia baba amekufa. Waliniambia ametangulia, na mtu anayetangulia ni yule aliyetoka kwanza nyumbani, anawangoja wenzake mbele ya safari. Nikaulizia mama. Shangazi alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso. Akasema, "Mamako yumo edani, usimsumbue."

Wenzangu mtanisamehe nikisema kwamba mpaka leo nikilisikia neno hilo, kwanza naona mji. Kwetu miji mingi huishia hivyo hivyo: Diani, Shimoni, Kombani. Edani ilikuwa na kasoro gani? Tena palikuwa na Adeni, ambayo kila mtoto wa pwani aliijua kwa sababu kila ukoo ulikuwa na mjomba aliyewahi kufika na kurudi na hadithi za uongo. Nikaona basi Edani iko jirani na Adeni, ng'ambo ya maji, na baba ametangulia huko, na mama naye amemfuata. Jambo moja tu lilinitatiza. Katika chumba cha mama, juu ya kitanda cha mama, palikuwa na mwanamke.

Alifanana na mama sana. Alikuwa na paji lake la uso na vidole vyake vyembamba. Lakini mama yangu alikuwa mwanamke wa kujipamba, wa wanja na kikuba cha asumini nyweleni, mwanamke ambaye ukiingia nyumbani hukuwa na haja ya kuuliza kama yupo, pua ilikujibu. Huyu alivaa marekani nyeupe isiyo na hata ua moja. Hakuwa na hereni, na matundu ya masikio yake yalikuwa yamebaki wazi, meusi. Nywele zake zilikuwa kavu. Nilipomkaribia mara ya kwanza alinivuta, akanibana kifuani, nami nikanusa kwa nguvu kumtafuta mama. Nikapata harufu ya sabuni ya kipande na ya nguo iliyoanikwa. Nikajinasua, nikakimbilia nje.

Baada ya hapo nilianza kumchunguza, jinsi mtoto anavyokichunguza kitu anachokiogopa, kwa mbali na kila wakati. Kioo chake kilikuwa kimegeuzwa, kimetazama ukuta. Mama yangu alikuwa na sauti ya kusikika kisimani kutoka jikoni, huyu alinong'ona. Jirani wa kiume akipiga hodi, huyu alijificha. Hakutoka hata kwenda uani mpaka shangazi atazame kwanza kama kuna watu. Mara nyingi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo ikichezacheza bila sauti, vidole vikitembea juu ya tasbihi. Na nazi ikianguka popote pale kijijini, hata mbali, mimi niliruka nilipo, na kule ndani nilisikia kitu kikimponyoka mkononi. Hilo lingalitosha kunijulisha ni nani. Lakini nilikuwa mtoto, nikaona ni kwa sababu na yeye ananisikiliza mimi.

Wageni wa kike walipokuja kumtazama walimwuliza shangazi pale ukumbini, "Mama Mishi yuwapi?" Mishi ni mimi. Shangazi akajibu, "Yumo edani," ilhali yule mwanamke alikuwa ndani, mlango wazi, kila mtu anamwona. Wageni wakatikisa kichwa kwa huruma. Nikaona kwamba watu wazima wote wanajua. Wanajua mama hayupo, wanajua yule si yeye, na wameamua kumlisha na kumwogesha kwa sababu wanamwogopa.

Siku moja jirani alilalamika kwamba yule wa chumbani hali chakula, hasemi, hata mwanawe hamjali. Shangazi Mwanakombo alikuwa mtu mkali lakini mwenye haki, akamkata maneno. Akasema, "Mwacheni. Akitoka edani atakuwa mtu tena."

Nilikuwa nyuma ya mlango na bakuli la uji. Nilirudi jikoni nikalimwaga uji kwenye majivu, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kumpelekea, nami sikuweza tena kupeleka uji kwa kitu ambacho shangazi yangu mwenyewe amekiri si mtu. Nilisema amekunywa. Jioni ile sikuenda kulala mpaka shangazi aliponipa nafasi kwenye mkeka wake, upande wa ukutani.

Nilimtamani mama kwa namna ambayo mpaka sasa inaniuma kuikumbuka. Sikuwa nikilia. Nilikuwa nikienda kwenye kamba ya nguo na kusimama chini yake mahali alipokuwa akisimama yeye. Nilijifunza kutembea kwa kishindo chake. Baba nilimwazia kidogo, na kila nilipomwazia niliona mnazi, nikaacha. Niliona kama nikimpata mama tu, yeye atanieleza mengine. Mtu ambaye angeweza kunieleza alikuwa hatua chache kutoka nilipolala, nami nilimkimbia kila siku.

Kisha likaja lile la shati. Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ile kijiji kizima hujinyoosha, hata mbwa hawabweki. Shangazi alikuwa amesinzia. Nilisikia kule ndani mtu akisema na mtu, taratibu, kwa kusita, jinsi unavyozungumza na mgonjwa. Nikajongea mpaka kwenye ufa wa mlango. Yule mwanamke alikuwa amenipa mgongo, amekaa ameelekea ukuta. Juu ya nguo zake nyeupe alikuwa amevaa shati la baba, lile la kukwelea, lenye kifua kilichosuguliwa na mnazi hadi kikawa wavu. Mikono ilikuwa mirefu kwake, imefunika vidole. Alikuwa ameivuta kola mpaka usoni, na humo ndani ya kola ndimo alimokuwa akinong'ona. Alisema, "Si ungeniaga tu. Neno moja."

Leo najua nilichokiona. Siku ile niliona kitu kilichomchukua mama yangu sasa kimeanza kumvaa baba, kipande kwa kipande, na kwamba kikimaliza baba kitanitafuta mimi. Sikupiga kelele. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, nikaenda jikoni, nikafunga vipande viwili vya mkate wa mchele kwenye leso, kimoja changu na kimoja cha mama. Cha baba sikuchukua. Nilidhani kwa vile ametangulia, huko wameshampa.

Pale vinapotia nanga vyombo vya kuvuka kwenda Funzi nilimkuta mzee Athumani, mvushaji, akiziba nyufa za mashua yake kwa pamba na mafuta. Maji yalikuwa yamepwa, mashua zimelala ubavu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mke wangu," kwa maana wazee wote wa kwetu walituita wake zao, akaniuliza kama nimekuja kumfulia kanzu. Mimi sikuwa na muda wa mzaha. Nikamwuliza chombo cha Edani huondoka saa ngapi.

"Cha Adeni?" Akacheka mpaka akakohoa. "Ala, wataka kunikimbia uende Adeni? Vyombo vya Adeni haviji huku kwenye matope, bibi. Hupita nje kule, mwisho wa mikoko. Nenda ukawapungie mkono, huenda wakakuchukua."

Nikamshukuru. Alirudi kwenye nyufa zake bado anacheka, na mimi nikashuka matopeni.

Mchana mikokoni si mchana. Juu jua linawaka, wewe chini uko kwenye mwanga wa kijani, na hewa imesimama. Matope yalikuwa yakitatarika yenyewe pande zote, vishimo vikifunguka na kufumba, na kaa wadogo wekundu wakiniona walisimama wote kwa pamoja, nikipita wakaendelea. Miguu yangu ilizama mpaka magotini na kila nikiivuta ilitoa sauti ya mtu anayefyonza. Nilikuwa nikiufuata mwanga wa mbele, ule ulioko mwisho wa miti, lakini kila nilipoukaribia uligeuka kuwa uwazi mdogo tu, na baada yake miti mingine. Leso ya mkate niliibeba kichwani. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na furaha pia, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilikuwa naenda mahali.

Sikuyaona maji yakija. Pale Bodo hayaji kwa wimbi, huja kwa chini, kimya, yakijaza vishimo vya kaa kwanza. Nilipotazama nyuma njia yangu haikuwepo. Nilipanda mkoko, nikakaa penye mizizi inayojipinda, maji yakanifuata yakafika vifundoni. Nikapanda tena. Nikaula mkate wangu. Nikakitazama kipande cha mama na nikaona kwamba labda leo sitafika.

Ndipo nikasikia naitwa.

"Mishi."

Watoto wa Bodo sote tulifunzwa jambo moja kabla ya kufunzwa kuvaa: ukiitwa jina lako mikokoni na humwoni anayekuita, usiitike. Anayekuita hana jina, analitaka lako. Nikajibana kwenye shina. Sauti ikaja tena, upande mwingine, halafu karibu zaidi. Maji yalikuwa yakipigwa na kitu kinachotembea. Kisha nikakiona kati ya miti, cheupe chote, kikitokea na kupotea, kikitokea tena kikubwa zaidi. Kichwa kilikuwa wazi na nywele zimesimama. Alikuwa yeye, yule wa chumbani, ambaye hakuwahi kutoka nje hata uani bila ulinzi. Sasa ametoka, na amenifuata.

Nilipanda mpaka pasipokuwa na pa kupanda. Akafika chini yangu kwa umbali wa mkono na nusu. Maji yalikuwa kiunoni kwake na nguo ile nyeupe ilielea pande zote.

"Mishi, shuka. Mimi mamako."

"Wewe si mama," nikamwambia. "Wewe umemvaa baba. Mama yumo Edani."

Alikuwa amekwisha kuinua mikono kunichukua, akaishusha. Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee Athumani, alipoona maji yamegeuka na mimi sijarudi, alikuja mbio kwetu akisema mtoto ameulizia chombo cha Adeni, na ukumbi mzima ukabaki kushangaa, Adeni kuna nani. Ni mama peke yake, huko ndani alikokuwa, aliyelisikia neno lilivyo: edani. Hakungoja buibui wala viatu. Alitoka alivyo, mbele ya wanaume, akapita katikati ya kijiji akikimbia.

Alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. "Eda si mji, mwanangu. Eda ni kukaa. Mume akifa, mkewe hukaa ndani, hajipambi, hatoki. Huko ndiko kuwa edani. Mimi nimekaa tu. Sikwenda popote."

"Na baba?"

Nilimwona akitafuta. Najua alikuwa na maneno yale mengine yote mdomoni, ametangulia, amepumzika, Mungu amempenda zaidi. Akayaacha.

"Babako amekufa, Mishi. Alianguka mnazini, akafa, tukamzika nyuma ya msikiti. Hatarudi."

Hakuna aliyewahi kunipiga kwa nguvu kama neno lile, na hakuna aliyewahi kunitua mzigo mkubwa kama ule. Vyote viwili kwa mara moja. Maana nilikuwa nimekiona, jamani. Nilikuwa nimeona kilichokuwa chini ya mnazi, na tangu siku ile kila mtu alikuwa akiniambia kwa maneno mazuri kwamba sikukiona. Sasa mtu mmoja alikuwa amenikubalia.

Mama hakunikaribia. Alishika mzizi mmoja ili mkondo usimsukume, akanitazama usoni, si kwa huruma bali kama mtu mwenye haja.

"Wewe ulikuwa naye," akasema. "Wote wameniuliza mimi, na mimi sikuwapo. Wewe hakuna aliyekuuliza. Alisema nini?"

Jibu la swali hilo nililibeba tangu siku ile bila kujua kwamba nalibeba. Nikamwambia. Nilimwambia jinsi alivyofika juu, akakaa kwenye makuti na kupumzika kidogo, na kutoka kule akaona nyumba yetu yote, paa, uani, kamba ya nguo. Akaniita kwa sauti ya kunifikia mimi tu, kama mtu mwenye siri. Akasema, "Mishi, namwona mamako. Yuwaanika nguo. Hajui kama namwona." Akacheka peke yake. Kisha akaniambia nisogee, nazi zisiniangukie. Basi. Hakusema kingine.

Mama akalia. Hakulia kwa kunong'ona wala kwa adabu ya mjane. Alilia kwa ile sauti yake ya kusikika kisimani, kichwa nyuma, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mikoko, na katikati ya kile kilio palikuwa na kitu ambacho sikuwa na jina lake, kwa kuwa alikuwa pia anacheka. Akawa anarudia, "Nilikuwa naanika. Kweli nilikuwa naanika." Mimi nilikuwa nimeshuka zamani. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nimemkamata shingoni, na maji ya chumvi, na kwamba sikunusa chochote wala sikuwa na haja ya kunusa.

Tulitoka kwenye matope tukakuta nusu ya kijiji imesimama pale penye mashua. Mzee Athumani alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba mjane amevunja eda, tena kichwa wazi. Shangazi Mwanakombo alipita mbele yao akavua leso yake ya juu, akamfunika mama, mimi nikiwa ndani yake, akageuka. Akawaambia mwenye la kusema aje alisemee kwake, na aje na mwanawe aliyekwisha kuzama, walinganishe. Hakuna aliyekwenda. Shehe naye alipoulizwa alisema tu kwamba kumtoa mtoto majini hakuhitaji fatwa.

Mama alirudi chumbani akamalizie kukaa kwake, na mimi niliingia naye. Sitasema kwamba nilipona siku ile. Bado niliruka nazi ikianguka, na mpaka leo huruka. Kuna siku niliamka nikamtazama kwa wasiwasi, nikamgusa vidole kimoja kimoja. Lakini chumba kile kikawa chetu. Shangazi alileta uji bakuli mbili na hakuuliza kitu.

Kila baada ya adhuhuri, kijiji kikishalala, mama alijinyoosha kando yangu, akaniambia, "Ati alisema nini babako?" Nikamwambia. Siku ya pili akauliza tena, na ya tatu. Nilipochoka kusema vilevile nikaanza kuongeza. Nikasema baba alisema umevaa leso nyekundu, na kweli alikuwa na leso nyekundu, lakini hilo nililiona mimi, yeye hakulisema. Mama akanisogelea, nikaona limempendeza. Siku nyingine nikasema alisema, "Mamako amependeza."

Mama aligeuka ubavu akanitazama kwa muda mrefu. Alimjua mumewe, mtu asiyewahi kumsifu hadharani hata siku moja, na alinijua mimi. Nilidhani atanikemea kwa kumsingizia marehemu. Akavuta shuka akatufunika sote wawili, akafumba macho.

"Rudia hapo," akasema.